Mililita Tano

Daktari Ojeda hakutuficha kitu.
Alivua glavu, akanawa mpaka viwikoni,
akasema: nusu kwa nusu,
na hiyo nusu ya kupona nimeipima kwa ukarimu.
Mkimwacha hapa, gharama ni hii.
Nibaldo aliitazama ile tarakimu
kama mtu asomaye jina lake kwenye orodha ya waliofeli,
akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni.
Tutamuuguza nyumbani, akasema.

Wiki tisa tu. Kichwani bado ananukia maziwa.
Tulimwita Tuerca, yaani nati,
maana siku aliyofika aliiokota moja chini ya lori
akatoroka nayo,
na mume wangu, fundi wa magari miaka arobaini,
akamfukuza uani, akacheka hadi akakaa chini.

Sasa nati imelegea.

Upepo wa Punta Arenas haubishi hodi.
Huingia tu, ukahesabu mabati moja moja.
Humu jikoni sakafu inanuka klorini,
nimetandaza magazeti ya mwezi mzima,
na kila ukurasa unalowa damu
kabla sijamaliza kusoma kichwa cha habari.

Bomba la sindano, bila sindano.
Maji, sukari, chumvi.
Mililita tano kila robo saa,
pembeni mwa shavu, polepole, asipaliwe.
Anameza. Namsifu kama aliyehitimu shahada.
Dakika nne, anazitapika zote tano,
na mbili za ziada
ambazo sijui amezikopa wapi.

Wanasema mgonjwa haulizwi uji.
Mimi namuuliza.
Namuuliza kila mara, bomba mkononi,
na macho yake yananijibu kwa adabu,
kama mgeni aliyeshiba
asiyetaka kumuudhi mpishi.

Jioni jirani yetu Hortensia
alileta mkate wa moto na neno moja.
Msijiue bure, alisema, huyo ni mbwa tu.
Mkate tuliula.
Lile neno limenikaa kooni mpaka saa hizi.
Mbwa tu.
Tu watatu humu jikoni, Hortensia,
na mmoja wetu ana uzito wa viatu vyangu.

Saa nane za usiku Nibaldo anakuja kupokea zamu,
soksi moja tu mguuni.
Hatusemi habari ya ile dawa nyingine,
ile ambayo daktari aliitaja akiangalia dirishani.
Nambari yake ya simu imebandikwa kwenye friji
chini ya sumaku yenye umbo la pengwini.
Kila nikifungua friji kuchukua maji
naigeuzia pengwini mgongo.

Nikalale? Nalala nikiwa nimeketi.
Naota nafunga boliti isiyo na mwisho.

Majira haya jua la huku huchomoza saa nne,
tena kwa kusitasita, kama mdeni.
Basi ilikuwa bado giza nilipoamshwa na kelele.
Nikajua.
Nikakaza mkono kwenye kiti, nikajua kabisa.

Amekojoa!
Nibaldo amesimama katikati ya jikoni,
mkono wa sweta lake unachuruzika,
ameuinua juu kama mshika kombe.
Eduvina, amekojoa! Njano, njoo uone, njano kweli!

Nimeolewa na mtu huyu miaka thelathini na saba,
na sijawahi kuitwa kwa furaha ile
kutazama chochote.

Sijui maana yake ni nini.
Figo zinafanya kazi, labda. Labda ni hilo tu.
Tuerca amerudisha kidevu juu ya gazeti,
ubavu unapanda, unasita,
unashuka.
Nasubiri upande tena.
Unapanda.

Ni saa moja na robo.
Navuta mililita tano.